Printa Huria ya Nyumbani Yakwama Wapi?

Katika madrasa moja ya mtaa wetu, hapa Mombasa, kuna gunia lililotundikwa nyuma ya mlango. Mgeni akiliona hudhani ni la viatu vikuukuu. Kumbe ndani mna karatasi zilizochapwa sura fupi fupi za Juzuu Amma kwa ajili ya watoto, na zote zimeharibika. Maalim hawezi kuzitupa jaani pamoja na maganda ya muhogo, kwani zina maneno ya Mwenyezi Mungu. Huzikusanya mpaka zikawa nyingi, kisha huzichoma kwa adabu na majivu yake akayafukia. Mwaka huu gunia hilo limekwisha jaa mara mbili.

Kilichoziharibu ni kitu kidogo mno. Printa ya madrasa ni ya wino wa maji, na baadhi ya matundu yake yameziba, basi kila ukurasa hutoka una mistari myeupe, myembamba kama uzi. Katika barua ya herufi za Kirumi mstari kama huo haudhuru sana, jicho huuruka. Katika hati ya Kiarabu mambo ni mengine. Mstari ukipita mahali pa nukta, ba haijulikani tena kuwa ni ba. Tha yenye nukta tatu hupoteza ile ya juu ikawa ta. Na kha hugeuka ha. Mtoto wa miaka sita asomaye kwa kufuatisha kidole hajui kwamba mashine imekosea. Yeye husoma alichoandikiwa.

Maalim aliniita nikaitazame, akidhani kwamba mtu aandikaye gazetini hana budi kuzijua mashine za kuchapa. Sizijui. Nilimchukua mpaka kwa mwana wa ndugu yangu, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na Digo Road. Akaifungua printa, akaimulika kwa kioo cha kukuzia, akakiosha kichwa chake kwa dawa na maji ya moto, akajaribu tena. Mistari ikabaki pale pale.

"Ami," akaniambia, "kichwa hiki kimekufa. Na kipya, ukikipata, bei yake ni kama ya printa nzima."

Maalim akacheka. "Mwanangu, ile mashine ya kutoa vikombe vya plastiki pale kwenye meza si umeiunda kwa mikono yako? Basi tuundie na ya karatasi."

Kijana akanyamaza kidogo. "Maalim, ile ya vikombe ni rahisi."

Jibu hilo lilinishangaza, na nadhani litamshangaza kila mtu. Yawezekanaje mashine inayojenga kikombe kizima, chenye kimo na mpini, iwe rahisi kuunda kuliko mashine ya kutia wino juu ya karatasi, kazi ambayo babu zetu waliifanya kwa kalamu ya mtete? Nimelifuata swali hilo kwa muda wa wiki kadhaa, na nimeona vyema niwaeleze wasomaji nilichokipata, maana jambo lenyewe latuhusu zaidi ya tunavyodhani.

Kwanza tuelewane maneno. Nisemapo mashine huria nakusudia mashine ambayo michoro yake na programu yake vimewekwa wazi, na mtu yeyote ana ruhusa ya kuvisoma, kuviiga, kuvibadilisha na hata kuuza alichokiunda. Si lazima iwe ya bure. Shati la kushonwa na fundi cherehani si la bure, lakini hakuna anayekukataza kulipachika kifungo.

Na ajabu ya kwanza ni hii: harakati nzima ya programu huria ulimwenguni ilianzia kwenye printa. Karibu na mwaka 1980, katika chuo cha MIT huko Marekani, kampuni ya Xerox iliipa maabara moja zawadi ya printa ya leza. Karatasi zikawa zakwama, kama zikwamavyo zetu. Kijana mmoja wa maabara, Richard Stallman, alikuwa amekwisha kuirekebisha programu ya printa yao ya zamani hata ikawa inampelekea kila mtu ujumbe karatasi inapokwama. Akataka kuifanyia vivyo hivyo hii mpya, lakini programu yake haikuja na maandishi yake ya asili. Akamwendea mtu wa chuo kingine, Carnegie Mellon, aliyekuwa nayo maandishi hayo, akamwomba nakala. Yule akakataa, kwani alikuwa ameahidi kutompa mtu. Stallman hakuisahau aibu ile. Mwaka 1983 alitangaza mradi wake wa GNU, wa kutengeneza programu zisizofichwa, na mengi yaliyofuata yametoka hapo.

Zaidi ya miaka 40 imepita. Programu huria zaendesha simu nyingi tulizo nazo mifukoni na sehemu kubwa ya mitambo ya intaneti. Printa, iliyozua ugomvi wenyewe, bado haijakombolewa.

Wala wenye programu hawakulala. Programu iitwayo Ghostscript, yenye kuugeuza ukurasa uwe nukta za kuchapika, ilitolewa mwaka 1988. CUPS, inayopanga foleni ya kazi na kuzungumza na printa za kila aina, ilitolewa mwaka 1999, na mpaka leo yatumika duniani kote. Kwa hiyo akili ya printa tunayo, tena bila malipo. Tusichokuwa nacho ni kiwiliwili, na ndani ya kiwiliwili hicho kuna kiungo kimoja kinachowashinda watu, nacho ndicho kile kichwa kilichokufa mkononi mwa mwana wa ndugu yangu.

Printa ya wino wa maji ya nyumbani haiandiki kwa kugusa. Hurusha matone. Husimuliwa kwamba mwaka 1977, katika kampuni ya Canon huko Ujapani, chuma cha kulehemu chenye moto kiligusa bomba la sindano lililokuwa na wino, na wino ukaruka nje. Mtafiti Ichiro Endo akaona hapo njia mpya ya kuchapa. Muda si mrefu watu wa kampuni ya HP wa Marekani wakaifikia njia hiyo hiyo upande wao, na mwaka 1984 wakauza printa yao ya kwanza ya aina hii, ThinkJet, iliyokuwa na matundu 12 tu.

Chini ya kila tundu pana kijipande cha kupasha moto. Umeme ukipita, kijipande hicho huvuka nyuzi 300 katika muda wa sehemu ya milioni chache za sekunde. Wino ulio jirani yake huchemka papo hapo, povu hufura, likasukuma tone nje, kisha povu likanywea na wino mpya ukavutwa kujaza nafasi. Yote hayo hurudiwa mara maelfu kwa sekunde moja, katika kila tundu, na matundu siku hizi ni mamia. Kampuni ya Epson hutumia njia nyingine, ya kijiwe kinachojipinda kikipata umeme na kukamua tone bila kuchemsha, lakini udogo ni ule ule.

Na huo udogo ndio mtihani. Tundu lina upana wa kama maikroni 20. Maikroni moja ni sehemu moja katika elfu ya milimita, na unywele wa mtu aghalabu una kama maikroni 70. Tone lenyewe ni la pikolita chache. Ukiigawa lita moja ya wino sehemu bilioni elfu moja, sehemu moja ndiyo pikolita. Nami nilipiga hesabu ya karatasi ya kawaida ya A4: kwa nukta 600 katika kila inchi, ukurasa mmoja una vituo karibu milioni 35 ambapo mashine lazima iamue kutia wino au kutotia. Ikikosea kwa upana wa unywele, jicho laona.

Matundu kama hayo hayatobolewi kwa keekee. Huchongwa kwa mwanga na dawa juu ya vibati vya silikoni, kwa ufundi ule ule utengenezao ubongo wa kompyuta, katika vyumba ambavyo chembe moja ya vumbi ni hasara. Kiwanda cha namna hiyo hakijengwi kwa harambee. Hurudisha gharama yake kwa kutoa vichwa kwa mamilioni, na anayetaka mia mbili kwa ajili ya mradi wake hana wa kumsikiliza.

Watu wengi niliowauliza walisema kizuizi ni hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasikiige kitu chake kwa muda wa miaka 20. Zamani ilikuwa kweli. Lakini hataza za miaka ya 1970 na 1980 zimekwisha muda wake, nazo zasomeka na mtu yeyote atakaye. Mpya zimo kwa maelfu, ndiyo, ila mtu angeridhika na printa ya ubora wa mwaka 1990 hakuna wa kumshitaki. Siri haikufichwa sana. Mtu aweza kupewa vipimo vyote vya jahazi, na akakosa mbao na fundi wa Lamu.

Sasa linganisha na ile mashine ya vikombe. Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap, wa mashine huria ya kujenga vitu vya plastiki ambayo ingeweza kujitolea vipuri vyake yenyewe. Mwaka 2008 mashine ya kwanza ilitoa vipuri vya plastiki vya kuundia mwenzake. Mwaka uliofuata hataza kuu ya kampuni ya Stratasys juu ya ufundi huo ikaisha, na mashine zikatapakaa. Tundu la mashine hizo kwa kawaida ni milimita 0.4, yaani lina upana mara 20 wa lile la printa ya wino. Ni kipande cha shaba nyeupe ambacho fundi mwenye mkono mtulivu aweza kukitoboa mwenyewe. Likiziba, hutiwa sindano. Likichakaa, hutupwa likafungwa jingine. Kijana alisema kweli mbele ya Maalim.

Lakini udogo wa tundu si sababu pekee, na hapa ndipo mimi na mwana wa ndugu yangu tulipobishana, yeye akishika ufundi na mimi nikishika biashara. Bowyer alipoanza, mashine ya plastiki ya kununua iligharimu maelfu mengi ya dola, basi kila mpenda ufundi asiyekuwa na fedha alikuwa na sababu ya kukesha akijaribu kuunda yake. Printa ya karatasi je? Hiyo yauzwa dukani kwa bei ndogo kiasi kwamba mota zake na vyuma vyake, ukivinunua kimoja kimoja, vitakuzidi. Mara nyingi kampuni huitoa mashine kwa hasara au kwa faida kidogo, ikajilipa kwa wino mwaka baada ya mwaka. Mtu aliyevutwa na bei ya printa hugundua baada ya katriji ya pili au ya tatu kwamba alichonunua ni deni.

Urahisi huo ndio umewaua wavumbuzi. Nani atakaa miaka 5 akiunda printa huria itakayouzwa kwa mara tatu ya bei ya dukani, ichape polepole zaidi na kwa rangi hafifu? Atakayeinunua ni yule tu aliyekwisha kupiga hesabu ya wino wa miaka 10, na watu wa namna hiyo, tukubali, si wengi. Wengi wetu huhesabu ya leo.

Tuje kwenye wino. Hapa pana jambo ambalo sisi wa pwani twapaswa kulitazama kwa jicho letu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na makatibu waliosifika kwa kunakili misahafu kwa mkono katika karne za 18 na 19. Katibu wa zamani, huku na katika nchi nyingine za Kiislamu, alikuwa na amri juu ya vyombo vyake: kalamu aliichonga kwa kisu, na wino mweusi wa masizi na gundi ya mgunga ulikuwa ufundi uliojulikana na wengi. Ukiwa mzito, aliongeza maji. Baadaye ikaja mashine ya stensili, ile ambayo wazee huiita saiklostaili, iliyotokana na uvumbuzi wa David Gestetner wa mwaka 1881. Mitihani mingapi ya shule na madrasa, barua ngapi za mwaliko wa maulidi, zilitoka kwa kuzungushwa mpini ule! Wino ulipakwa kwa brashi, stensili ikipasuka iliandikwa nyingine, na mpini ukivunjika uliunganishwa na mchomeleaji.

Wino wa printa hauna huruma hiyo. Lazima uwe mwepesi upite tunduni, lakini usiwe mwepesi wa kuvuja. Usikauke ndani ya tundu hata mashine ikikaa wiki, lakini ukauke juu ya karatasi mara tu ukiigusa. Uchemke bila kuacha ukoko juu ya kile kijipande cha moto. Chembe za rangi zake, kama ni wa chembe, zisifike hata maikroni moja. Masizi ya jikoni na gundi yataziba kichwa kabla ya adhuhuri. Kuna mafundi wa mitaani wanaojaza katriji kwa sindano ya hospitali, na wengine wafanikiwa, ila wino wanaotumia nao umetoka kiwandani.

Karatasi nayo si kitu cha kudharau, ingawa kila mtu huidharau. Kuchukua karatasi moja, moja tu, kutoka katika rundo la mia, na kuipeleka bila kupinda, ni kazi iliyowatoa jasho wahandisi. Raula ya mpira lazima iishike karatasi ya juu kwa nguvu kuliko inavyoshikwa na kile kibao cha kutenganishia, na kibao hicho kiishike karatasi ya pili kwa nguvu kuliko karatasi mbili zinavyoshikana zenyewe. Nguvu tatu, na zote hubadilika na hali ya hewa. Karatasi hunywa unyevu. Anayeishi Mombasa au Lamu ajua wakati wa masika rundo la karatasi hulegea likawa kama mkate uliosahauliwa mezani, na karatasi tatu huingia pamoja. Mashine iliyojaribiwa katika chumba kikavu cha Ulaya hufika kwetu ikaaibika. Hili, kwa maoni yangu, ni eneo ambalo mafundi wetu wangeweza kuwafundisha wengine, kwani tatizo tunalo mlangoni.

Msomaji mwingine atasema: basi acheni wino wa maji, undeni ya leza, ile ya poda. Historia yake yavutia, maana kiini chake kilizaliwa nyumbani hasa. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kukodi huko Astoria, New York, Chester Carlson alitoa nakala yake ya kwanza ya maandishi kwa kibati cha zinki kilichopakwa salfa, na poda. Kumbe mtu mmoja chumbani mwake aliweza! Lakini kutoka chumba kile mpaka mashine ya kwanza ya ofisini iliyofaa, Xerox 914 ya mwaka 1959, ilipita miaka 21, na kampuni zaidi ya 20 zilikuwa zimekwisha kumkataa. Leza iliongezwa baadaye na Gary Starkweather wa Xerox, na printa kubwa ya 9700 ikauzwa mwaka 1977. Ndani ya mashine ya leza mna pipa lenye kupokea mwanga, umeme wa nguvu nyingi, poda ya chembe za maikroni chache, na raula ya moto wa kama nyuzi 200. Kosa moja ni moto mezani. Na hebu lizingatieni hili: HP, kampuni tajiri, ilipotoa LaserJet yake mwaka 1984, mtambo wa ndani haikuuunda. Iliununua kwa Canon. Ikiwa wao waliona afadhali kununua, tusimlaumu kijana wa Digo Road.

Hata hivyo watu wamejaribu, na njia waliyoishika ni moja: hununua katriji ya dukani yenye kichwa ndani yake, wakaunda mashine huria kuizunguka. Kuna katriji ya zamani ya HP yenye matundu 12 ambayo wapenda ufundi waliifungia ubao wao wa umeme na kuiamrisha watakavyo. Mwaka 2025 kundi moja la Paris, Open Tools, lilitangaza mashine liliyoiita Open Printer, inayotumia katriji za HP zinazopatikana madukani, yenye kutumia karatasi ya mviringo mbali na zile za kawaida. Nawapongeza. Lakini ruhusa waliyoitoa haikubali mtu mwingine kuiunda kwa biashara, na kwa kipimo nilichokieleza hapo juu huo si uhuria kamili. Na jambo kubwa zaidi: siku kampuni ikiacha kutoa katriji hiyo, mashine yao itakuwa sanduku. Ni nyumba nzuri iliyojengwa juu ya kiwanja cha kukodi.

Kwa nini basi tujisumbue? Kuna wanaoniambia wino ni wino, nunua uchape. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 2005 shirika la EFF la Marekani lilionyesha kwamba printa fulani za leza za rangi huficha katika kila ukurasa vidoa vya manjano visivyoonekana kwa macho, vyenye kusema ni mashine gani iliyochapa na saa ngapi. Mwenye printa hakuulizwa. Katriji nyingi zina kijipande cha elektroniki ambacho kazi yake ni kuikataa katriji isiyo ya kampuni, hata ikiwa na wino mzuri. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2017, katika kesi ya kampuni ya Lexmark, kwamba kampuni ikisha kuiuza katriji haiwezi kuitumia hataza kumzuia mnunuzi kuijaza tena au kuiuza. Hukumu njema, ila kijipande cha elektroniki hakisomi hukumu.

Kutaka kuwa na chombo cha kuchapia mikononi mwetu si jambo la leo. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja mwaka 1870 hadi 1888, alikuwa na matbaa yake ya Kiarabu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa hapa Mombasa gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Watu hao walijua kwamba asiye na chombo husema kwa idhini ya mwenye nacho.

Rai yangu ni kwamba tusikae tukingojea kichwa huria kishuke kutoka mbinguni. Tuyashike yale yaliyo pembeni yake, kwani historia yaonyesha yana nguvu. Huko Indonesia na kwingineko, mafundi wa mitaani walizoea kuunga mipira na matangi ya wino nje ya printa, kampuni zikanuna. Mwaka 2010 Epson yenyewe ikaanza kuuza huko Indonesia printa za tangi, za kumiminiwa wino kutoka chupa, na leo zimejaa hata katika maduka yetu. Mashine ni ghali zaidi, wino ni rahisi. Fundi asiyejulikana jina, mwenye mpira wa dripu na gundi, aliisogeza biashara ya ulimwengu. Madrasa na misikiti yanunue za namna hiyo, wala wasidanganyike na bei ya mlangoni.

Na kwa wale vijana wanaotaka kuunda hasa, naona wameanzia penye ugumu. Printa ya sindano, ile ya utepe yenye kelele ambayo benki na mabohari yaliitumia miaka mingi, hupiga kwa sindano 9 au 24, na unene wa sindano ni kama robo ya milimita. Hicho ni kipimo ambacho karakana ya Mombasa yaweza kukifikia. Utepe hutiwa wino kwa mkono, na wino wake haujali kama ni mzito kidogo. Haiwezi picha, na rangi kwake ni shida. Lakini haizibi. Nukta iliyopigwa na sindano hubaki nukta.

Mwana wa ndugu yangu ameipata moja ya sindano 24 katika bohari la zamani kule bandarini, na ameifumua yote juu ya meza yake. Sindano mbili zimepinda, ambazo asema atazichonga upya kwa waya wa chuma. Juma lililopita aliitia utepe, akachapa ukurasa mmoja wa herufi kubwa, alif mpaka ya, akampelekea Maalim. Maalim aliivaa miwani, akahesabu nukta za tha, akahesabu za shin, kisha akauliza ya pili ingekuwa tayari lini. Ikiwa msomaji ana mashine kama hiyo stoo, asiiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma kabla ya kumwonyesha fundi. Sindano zake zahitajiwa.